Kiinua mgongo cha kweli ni kazi

Lugha yetu ina maneno mawili ambayo mtumishi wa umma huyasikia siku zote lakini huyatafakari siku moja tu, nayo ni siku anapokabidhi funguo za ofisi. La kwanza ni kustaafu. Neno hili tumelipata kutoka Kiarabu, na kwa asili yake ni kuomba udhuru, kuomba kuachiliwa jukumu. La pili ni kiinua mgongo, nalo ni letu wenyewe. Bila shaka aliyelibuni alimfikiria mtu aliyeinama miaka mingi, akaona si haki mtu huyo aondoke hivi hivi pasipo kitu cha kumsaidia kuunyoosha mgongo wake. Ajabu ni kwamba tumeyapokea maneno haya mawili, kisha tukayatia maana nyingine ambayo haimo katika lolote kati yao: maana ya kukaa.

Nani asiyezijua sherehe zetu za kuwaaga wastaafu? Viti hupangwa uani pa shule au katika ukumbi wa halmashauri. Pilau hupikwa, soda hugawanywa, na mstaafu hukabidhiwa godoro, mabati au hata jokofu ikiwa wenzake wamechanga vizuri. Kisha msemaji mmoja baada ya mwingine husimama na kumwambia maneno yale yale, kwamba amefanya kazi kubwa na sasa aende akapumzike. Watu hupiga makofi. Kwa maoni yangu, katika yote yanayosemwa siku hiyo hayo ndiyo mabaya kuliko mengine, ingawa husemwa kwa moyo mwema kabisa.

Huenda msomaji akauliza mwandishi ambaye hajafika hata arobaini amepata wapi idhini ya kuwazungumzia wazee. Swali hilo ni halali. Jibu langu ni kwamba jambo hili linamhusu kijana kuliko mzee, kwa sababu mzee wa kesho anatengenezwa leo, katika kiti hiki hiki ninachokalia mimi na katika ubao ule ule anaouandikia mwalimu wa miaka thelathini. Aidha, tumezaliwa na kulelewa na hao wanaostaafu sasa, nasi tunayaona yanayowapata.

Tuanze na hesabu. Kwa taratibu za utumishi wa umma nchini mwetu, mtumishi aweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akifikisha 60. Mtu wa miaka 60 aliyejaliwa afya aweza kabisa kuishi miaka 15 au 20 zaidi. Ikiwa aliajiriwa akiwa na miaka 25, basi ametumikia taifa miaka 35, na mbele yake una muda unaozidi theluthi ya utumishi wake wote, pengine nusu yake. Hakuna mwenye akili timamu angemwambia kijana aliyehitimu chuo: nenda kapumzike miaka ishirini. Lakini ndivyo tunavyomwambia mwenzetu, tena tukimpa na godoro.

Hebu tuwatazame walimu waliostaafu katika miaka ya karibuni, maana ni kundi ambalo historia yake haina budi kukumbukwa. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, na kufika mwaka 1977 madarasa yalikuwa yamefurika watoto. Walimu hawakutosha. Ndipo walipochukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa ualimu kwa njia ya posta, kwa vipindi vya redio na kwa wakufunzi waliowafuata vijijini, huku wenyewe wakiwa tayari wamesimama mbele ya watoto. Watu wengi wamewacheka walimu hao kwa miaka mingi. Mimi siwacheki. Kijana wa miaka kumi na minane alikabidhiwa watoto sitini chini ya mwembe, akawafundisha kusoma, naye mwenyewe akisoma usiku kwa taa ya kandili ili mtihani wake usimshinde. Waliowatangulia walikuwa wamebeba mzigo wa namna hiyo hiyo: mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, mwalimu wa shule ya msingi ndiye aliyefundisha watoto asubuhi na wazazi wao jioni. Kwa hesabu za Serikali, mwaka 1986 watu wazima wasiojua kusoma walikuwa wamepungua hadi chini ya asilimia 10. Kazi hiyo haikufanywa na malaika.

Sasa mtu wa namna hiyo anaambiwa akae. Mwezi wa kwanza hukaa kweli, na usingizi wa asubuhi humpendeza. Mwezi wa tatu huanza kupita karibu na ofisi yake ya zamani kwa visingizio: kuulizia barua, kumsalimu karani. Huwakuta watu wana shughuli zao, wanamwitikia kwa heshima, shikamoo mzee, marahaba, kisha wanarudi kwenye mafaili. Jina aliloitwa miaka thelathini, Mwalimu Mkuu, Bwana Shamba, Mhasibu, halitumiki tena kumwita afanye lolote. Hapo ndipo mgongo unapoanza kuinama upya, na safari hii si kwa uzito wa mzigo. Unainama kwa kukosa mzigo.

Lakini ningekuwa mnafiki kama ningeendelea bila kulitaja suala la fedha. Mtumishi hukatwa asilimia 5 ya mshahara wake kila mwezi na mwajiri huongeza asilimia 15, na jumla hiyo huenda katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, ulioanzishwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko ya awali. Hiyo si sadaka. Ni mshahara uliocheleweshwa kwa makubaliano. Wasomaji wa ukurasa huu wanazikumbuka vizuri zogo za kikokotoo: mwaka 2018 kanuni mpya ilipotaka mstaafu alipwe asilimia 25 tu kwa mkupuo, manung'uniko yalikuwa makubwa hata Rais John Magufuli akaisimamisha mwezi Desemba mwaka huo huo, mwaka 2022 ikaja asilimia 33, na katika bajeti ya mwaka 2024/25 ikapandishwa hadi 40. Yeyote anayemhubiria mzee juu ya uchangamfu wa moyo ilhali faili la mzee huyo limelaliwa na faili jingine mezani kwa sababu ya tarehe moja iliyokosewa, anamdhihaki. Afisa utumishi asiyesahihisha kumbukumbu za mtumishi mapema anamwibia miezi ya uhai wake, na miezi hiyo hairudishwi hata malipo yakija na malimbikizo yake yote.

Tukumbuke pia kwamba mwenye pensheni, hata ndogo, ni mtu wa bahati katika nchi ambayo wazee wengi ni wakulima wasiopata kuajiriwa na yeyote. Zanzibar ililitambua jambo hilo, na tangu mwezi Aprili 2016 ikaanza kumlipa kila mzee aliyefikisha miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Kiasi hicho cha kuanzia kilikuwa kidogo, lakini msingi wake ni wa haki.

Hata hivyo, fedha peke yake haiinui mgongo. Sote tunawajua waliolipwa kwa wakati, tena vizuri, wakaishiwa katika mwaka mmoja. Mtu aliyefundisha Jiografia miaka thelathini na mitano ananunua daladala mbili kuukuu, ilhali hajui hata kusikiliza mlio wa injini. Mwingine anajenga banda la kuku wa kisasa kwa sababu jirani amemwambia kuku hawana hasara, na mdondo unaingia siku ya Jumanne; Ijumaa banda liko kimya. Matapeli nao wanazijua tarehe za malipo kuliko wahusika wenyewe. Siwalaumu wazee hawa. Walifanya haraka kutafuta shughuli kwa sababu kukaa bure kulikuwa kunawatisha, na woga huo ulikuwa wa haki. Kosa lilikuwa kuanza wakiwa na miaka 60 jambo ambalo lilipaswa kujaribiwa wakiwa na 45, kwa kuku kumi, mshahara ukiwa bado unaingia.

Wapo watakaonijibu kwa hoja ya kijamaa, nayo ni hoja nzito. Mwalimu Nyerere, katika maandishi yake ya mwaka 1962 juu ya Ujamaa, aliwakumbusha wale waliodhani kwamba mzee wa Kiafrika alistarehe kwa jasho la wengine kuwa mzee huyo naye alikwisha kufanya kazi kwa bidii katika ujana wake wote. Kwa maana hiyo mapumziko ni haki yake aliyoilipia. Nakubali. Lakini haki ya kupumzika si amri ya kukaa. Mzee wa kijiji cha zamani aliliacha jembe zito, hakuuacha ushauri, wala ususi wa mikeka, wala kuamua kesi za mipaka, wala kuwafundisha wajukuu majina ya miti. Walioligawa zoezi zima la kuishi katika sehemu mbili, ya ajira na ya kungoja kufa, ni sisi wa maofisini.

Na Mwalimu mwenyewe ni ushahidi. Alipong'atuka Urais mwaka 1985 alikuwa na miaka 63. Alirudi Butiama akalima. Alibaki Mwenyekiti wa Chama hadi 1990, akaiongoza Tume ya Kusini kuanzia 1987 hadi 1990, na mauti yalipomfika tarehe 14 Oktoba 1999, akiwa na miaka 77, alikuwa bado ni msuluhishi wa mgogoro wa Burundi. Mambo hayo makubwa si ya kila mstaafu, nami sitaki kumtwisha mwalimu wa Nachingwea mzigo wa kusuluhisha mataifa. Ninalotaka litazamwe ni jingine, dogo zaidi. Katika miaka hiyo ya kustaafu aliketi akazifasiri Injili nne na Matendo ya Mitume katika utenzi wa Kiswahili, vitabu vikachapishwa mwaka 1996. Huyu ndiye yule yule aliyefasiri tamthilia za Shakespeare akiwa madarakani. Alirudi kwenye kazi aliyoipenda kabla ya cheo, kazi ya ualimu na ya lugha, ambayo haihitaji gari la Serikali wala katibu muhtasi.

Mzee Ali Hassan Mwinyi naye alikuwa mwalimu kabla ya kuwa kiongozi. Aliondoka Ikulu mwaka 1995, na tarehe 8 Mei 2021, siku alipotimiza miaka 96, kikazinduliwa kitabu cha maisha yake alichokiita Mzee Rukhsa. Alifariki mwezi Februari 2024. Na kwa jirani zetu wa Kenya, elimu ya msingi ilipofanywa kuwa bure mwaka 2003, mzee Kimani Maruge hakuona haya: mwaka 2004, akiwa na miaka 84, alivaa sare akaingia darasa la kwanza karibu na Eldoret, na mwaka uliofuata akasafiri hadi Umoja wa Mataifa kuzungumzia elimu. Aliaga dunia mwaka 2009. Kama mtu wa miaka 84 aliweza kuanza herufi, sijui mhasibu wa miaka 61 anashindwaje kujifunza ufugaji wa nyuki.

Hapa nina jambo moja ambalo limenikaa moyoni kwa muda mrefu. Kwa nini vitabu vya kumbukumbu huandikwa na marais na mawaziri peke yao? Mwalimu mkuu wa shule ya kijijini ana historia ambayo haimo katika hifadhi yoyote ya nyaraka. Anajua shule ilijengwa mwaka gani, nani walibeba mawe, mzee gani alitoa eneo lake na kwa masharti gani, jiwe la mpaka lilizikwa wapi, kisima kilikauka lini. Leo maeneo ya shule zetu yanamegwa. Mtu anajenga nyumba uwanjani, na anapoulizwa anasema hapo palikuwa pa babu yake. Kamati ya shule haina karatasi, mwalimu mkuu wa sasa amehamia juzi, na anayejua ukweli amekaa barazani kilometa nne kutoka hapo, akicheza bao na kulalamikia magoti. Akifa, mpaka umekufa naye. Bwana shamba mstaafu anajua mbegu gani ilishindwa katika bonde gani na kwa nini; mganga mstaafu wa zahanati anakumbuka kipindupindu kilipita njia gani. Kila mwaka tunaagiza wataalamu waje kuanza upya uchunguzi ambao majibu yake yanaota jua chini ya mkorosho.

Kuhusu mwili, maneno yangu ni machache. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2020, linataka watu wazima, wakiwamo wenye miaka 65 na zaidi, wapate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli, na kwa wazee mazoezi ya kuwawezesha kujimudu wasianguke. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Anayelima bustani yake au anayekwenda sokoni kwa miguu amekwisha kuzipata bila kununua viatu vya michezo. Shinikizo la damu na kisukari havingoji barua ya kustaafu. Huanza mtumishi akiwa bado mezani, akienda kwa gari hata mahali pa hatua mia mbili.

Yote niliyosema hadi hapa, nakiri, yanamfaa zaidi mwanamume. Mwalimu wa kike akistaafu hapewi nafasi ya kuchoshwa na ukimya. Siku ya pili tu wajukuu wanaletwa kwa basi kutoka mjini, begi likiwa na nguo tatu na ahadi ya fedha za matumizi. Kuna mgonjwa wa kuuguza, kuna msiba wa kupikia, kuna kikundi cha kufa na kuzikana ambacho yeye ni mweka hazina wake. Kwake tatizo ni kazi isiyohesabiwa na mtu yeyote, ambayo watoto wake wasomi huiita kupumzika. Kumsaidia mama huyo ni kumpunguzia, kumpa hata siku mbili kwa wiki ambazo ni zake mwenyewe, aende kwaya, aende madrasa, asome gazeti hadi mwisho. Vijana tunaopeleka watoto kijijini tujihesabu hapo.

Sasa nije kwenye pingamizi kubwa, nalo linatoka kwa vijana wenzangu. Wanasema: ninyi mnataka wazee wasiondoke, nasi tuna shahada na hatuna ajira. Wana haki ya kuuliza, maana tumeshuhudia wakuu wanaofikisha miaka 60 na kuanza kutafuta mkataba, kisha mkataba mwingine, kana kwamba idara ingeporomoka bila wao. Katika hilo mimi nipo upande wa vijana. Ajira ni kitu kimoja na kazi ni kitu kingine. Kiti, mshahara, gari na saini vinapaswa kuachwa siku ile ile sheria inapotaka, bila kugeuka nyuma. Lakini kumsikiliza mtoto wa darasa la pili asiyejua kuunganisha silabi, akae naye saa moja kila Jumatano hadi ajue, hiyo si ajira ya mtu. Hakuna kijana anayenyang'anywa tonge kwa sababu mwalimu mstaafu amefanya hivyo. Shule zina watoto wanaofika madarasa ya juu wakiwa hawamudu kusoma, kuandika na kuhesabu, na kijiji hicho hicho kina walimu wawili watatu wastaafu ambao hakuna aliyewaomba. Wengi wangekuja kwa nauli tu. Wengine hata nauli wasingeitaka.

Taifa lina Sera ya Wazee tangu mwaka 2003, na mabaraza ya wazee yapo kwenye vijiji na kata. Mara nyingi, hata hivyo, baraza hukumbukwa tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, wakati inapotakiwa hotuba na picha. Yafaa baraza lipewe shughuli yenye matokeo yanayoonekana, na shughuli ya kwanza haihitaji fungu lolote katika bajeti. Mwalimu mkuu unayesoma haya, tazama katika kitabu cha kumbukumbu za shule yako jina la mwalimu wa zamani kuliko wote aliye hai. Uliza anaishi wapi. Mpelekee salamu kabla ya mvua kuanza, uende na daftari moja kubwa na mwanafunzi mmoja wa darasa la tano mwenye mwandiko unaosomeka, umwombe mzee atembee nanyi kuzunguka eneo lote la shule, polepole, akionesha mawe ya mpaka yalipo.